Tanzu, Hali za Moyo na Msomaji wa Mpakani: Kuchagua Bunilizi za Kiswahili kwa ajili ya Rubavu

Ikisiri

Tangu Kiswahili kifanywe lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, mjadala kuhusu vitabu vyake umeelekea zaidi kwenye vitabu vya kiada na sarufi. Makala haya yanashughulikia jambo lililoachwa kando: ni bunilizi zipi zimfikie msomaji mpya, na kwa mpangilio upi. Kwa kupitia riwaya kadhaa nilizozisoma au kuzisoma upya nikiwa Gisenyi, ninaeleza jinsi kila utanzu unavyomwingiza msomaji katika lugha kwa mlango wake. Hoja yangu ni kwamba uteuzi unaoongozwa na dhamira peke yake huishia kuchagua hali moja ya moyo, nayo ni ile ya maonyo. Katika mji ambao wakazi wake wamekijua Kiswahili kwa sikio kabla ya kukijua kwa jicho, kosa hilo lina gharama kubwa kuliko kwingineko.

1.0 Utangulizi

Mtu akisimama asubuhi karibu na Petite Barrière, mpaka mdogo unaotenganisha Gisenyi na Goma, hana haja ya kuuliza kama Kiswahili kinazungumzwa Rwanda. Wachuuzi wanaovuka na mboga, maziwa na viazi hupatana bei kwa Kiswahili, hutaniana kwacho, na wakigombana hugombana kwacho pia. Lugha hiyo haikungoja sheria. Ilikuwapo enzi za utawala wa Wajerumani, ikabaki katika mitaa ya wafanyabiashara na ya Waislamu, ikatumika kambini na sokoni. Kilichobadilika mwaka 2017 ni hadhi yake mbele ya dola. Uwepo wake ni wa zamani.

Mtu huyo huyo akitafuta katika mji huo kijana anayesoma riwaya ya Kiswahili kwa raha yake tu, bila mtihani mbele yake, atatafuta sana. Hapo ndipo makala haya yanapoanzia. Kiswahili cha Rubavu ni lugha ya mdomo yenye nguvu, lakini bado hakijawa lugha ambayo mtu hujifungia nayo chumbani. Zaidi ya hayo, kina mzigo wa jina. Katika Kinyarwanda cha mitaani neno Umuswahili limebeba kwa muda mrefu maana ya mtu mjanja, mwepesi wa maneno, asiyeaminika. Mzigo wa namna hiyo hautuliwi na tangazo la Gazeti Rasmi. Hutuliwa polepole, na mojawapo ya mambo yanayoutua ni mtu kuketi na kitabu cha lugha hiyo mpaka akasahau kwamba chai inapoa.

Mazingira ya kisera yanaruhusu swali hili kuulizwa sasa. Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikafuata mwaka 2022. UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, na mwaka uliofuata Umoja wa Afrika ukakipokea Kiswahili miongoni mwa lugha zake za kazi. Shuleni, mtaala unaozingatia uwezo ulioanza kutumika nchini Rwanda mwaka 2016 unataka mwanafunzi aitumie lugha, asiishie kuieleza. Basi lazima apewe kitu cha kuitumia. Sarufi ni chombo. Hadithi ndiyo safari.

Niweke wazi mipaka ya kazi hii. Hapa hakuna hojaji wala takwimu. Ninachokileta mbele ya kongamano ni usomaji: riwaya nilizozipitia katika kipindi cha karibuni, nyingine mpya na nyingine za zamani zilizorudi mkononi, nikiziuliza swali moja ambalo wahakiki hatuliulizi mara nyingi. Je, kitabu hiki kinamweka msomaji katika hali gani ya moyo, na hali hiyo inamsaidia au inamzuia mtu ambaye Kiswahili chake ni cha mpakani? Kwa hali ya moyo nina maana ya hisia inayomtawala msomaji anapofunua ukurasa unaofuata: hofu, kicheko, simanzi, mshangao, matumaini.

2.0 Sikio na jicho

Msomaji ninayemfikiria si mgeni wa lugha. Amesikia Kiswahili tangu utotoni, ila amekisikia kikitoka upande wa Goma, ambako watu husema batoto na bitabu, ambako maji ni mayi, na ambako kitenzi hujengwa kwa njia ambayo mwalimu wa Dar es Salaam angeitia kalamu nyekundu. Msomaji huyu akifungua riwaya iliyoandikwa Unguja anakutana na mambo mawili kwa pamoja: lugha anayoijua na lugha asiyoijua. Pepo za kusi na kaskazi hazimwambii kitu. Baraza kwake ni kikao cha viongozi. Hajui kuwa ni kibao cha mawe nje ya nyumba wanapoketi wazee kuzungumza.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu mara nyingi tunaliita tatizo la kiwango cha lugha, kisha tunalitibu kwa kuteua vitabu vyepesi vya watoto. Nadhani tunakosea utambuzi wa maradhi. Kijana wa miaka 17 anayejua kupatana bei, kudanganya na kubembeleza kwa Kiswahili hahitaji hadithi ya sungura. Anahitaji kitabu ambacho nguvu yake ya kusimulia ni kubwa kuliko ugumu wa msamiati wake, ili avuke maneno asiyoyajua kama mtu anavyovuka kijito kwa kurukia mawe. Nguvu hiyo ndiyo inayotofautiana kutoka utanzu hadi utanzu.

3.0 Taharuki

Utanzu wenye nguvu hiyo kuliko yote ni ule ambao mitaala yetu imeuheshimu kidogo kuliko yote. Riwaya ya upelelezi ilizaliwa mapema katika Kiswahili cha kisasa. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, ilimleta Bwana Msa na kiko chake, akifumbua mafumbo ya Unguja kwa akili tulivu pamoja na rafiki yake Najum. Ukoo wake na Sherlock Holmes haujifichi. Muongo mmoja na ushei baadaye Elvis Musiba alimpa msomaji wa Tanzania jasusi wa aina nyingine, Willy Gamba, katika Kufa na Kupona (1974), riwaya inayomkimbiza hadi Nairobi kutafuta nyaraka za wapigania uhuru. Na katika Kikosi cha Kisasi anamfikisha Kinshasa.

Nilipozisoma upya kazi za Musiba nilikuwa natafuta udhaifu wake, na niliupata bila shida. Wanawake wake wengi ni warembo wa mtego au zawadi ya shujaa. Siasa zake ni nyeusi na nyeupe. Risasi zinazompata mhusika mkuu ni chache mno kwa idadi ya zilizofyatuliwa. Wahakiki wa fasihi pendwa wamekwisha kuyasema haya. Lakini nilipokuwa nikihesabu makosa nilijikuta nimefika ukurasa wa mwisho saa saba usiku. Hilo nalo ni ushahidi, na mtafiti mwaminifu hana budi kuliandika.

Siri ya utanzu huu kwa msomaji wa mpakani iko katika mambo matatu ambayo yote ni ya lugha. Mazungumzo ni mengi, na mazungumzo ndiyo sehemu ya Kiswahili anayoijua vizuri zaidi. Vitenzi vya mwendo vinarudiarudia: kuvizia, kunyemelea, kuchomoka, kutokomea, kufikia sura ya tatu vimeshakuwa vyake bila kamusi. Na swali la nani kafanya humsukuma mbele hata pale ambapo nusu ya maelezo ya chumba yamempita. Kuhusu Kikosi cha Kisasi kuna jambo la nne. Ni miongoni mwa riwaya chache za Kiswahili ambamo Kongo ni jukwaa la tukio, haikutajwa kwa mbali tu, na mkazi wa Gisenyi ambaye kila siku anaitazama Kongo ng'ambo ya uzio husoma ukurasa huo kwa masikio yaliyosimama.

Utanzu huu haukufa. Umehamia kwenye simu. Waandishi wengi wa Tanzania leo huandika riwaya za mapenzi, za kijasusi na za kutisha kwa sehemu sehemu katika Facebook na WhatsApp, sehemu ya kwanza bure, inayofuata kwa malipo ya simu. Ubora wake unapanda na kushuka, na uhariri mara nyingi haupo. Hata hivyo, bidhaa hiyo inavuka mpaka bila lori wala ushuru, na mshauri wa sera anayepanga namna ya kuwafikishia vijana wa Rwanda maandishi ya Kiswahili asijidanganye kwamba yeye ndiye wa kwanza kuwafikia. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, ambayo hapo awali iliitwa Mabati-Cornell, nayo imefungua mlango kwa waandishi waliozoea mkondo huu: mwaka 2021 ilimtuza Halfani Sudy kwa Kirusi Kipya.

4.0 Kidagaa katika Ziwa Kivu

Niruhusiwe kuanza sehemu hii na samaki. Katika Ziwa Kivu huvuliwa usiku samaki wadogo waitwao sambaza, kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wavuvi wakiimba ili makasia yaende pamoja. Samaki hao hawakuwa wa ziwa hili. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni ndugu wa dagaa. Nami nilipowaeleza vijana wawili watatu jina la riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea (2012), walinitazama bila kuelewa mpaka niliposema: sambaza wake wameoza. Wakacheka, na walikuwa wameshaingia ndani ya kitabu kabla ya kukifungua. Kila mtu mjini hapa anajua sambaza waliooza hunuka umbali gani.

Riwaya hiyo, iliyosomwa na kizazi kizima cha shule za sekondari za Kenya kama kitabu cha mtihani, ni ya dhihaka. Mtawala wa Sokomoko, Mtemi Nasaba Bora, anakula hadharani kile alichokiiba gizani. Ndugu yake, Mwalimu Majisifu, anajipatia sifa ya uandishi kwa mswada ulioandikwa na mwingine. Majina yenyewe yanacheka. Kwa msomaji mpya dhihaka ina faida na hatari. Faida ni kwamba majina ya wahusika ni ufunguo: ukijua maana ya majisifu umeshaijua tabia. Hatari ni kwamba Walibora anapenda methali na misemo kupita kiasi, wakati mwingine methali mbili ndani ya sentensi moja, na msomaji ambaye Kiswahili chake hakikukulia kwenye methali hizo huona amealikwa harusini akakaliwa mbele na watu warefu.

Kitabu chake cha awali, Siku Njema (1996), kinavuka kwa urahisi zaidi. Kongowea Mswahili anatoka Tanga, kwa mama mwimbaji wa taarabu, anaelekea bara ya Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Ni safari ya kuvuka mpaka, na hali yake ya moyo ni matumaini yanayojaribiwa. Naiweka hapa pia kwa sababu ya mwandishi wake. Walibora, aliyefariki Nairobi mwaka 2020, hakuwa mtu wa pwani. Kiswahili kilimfikia bara, na bado akawa miongoni mwa waandishi wake waliosomwa zaidi. Kwa mwanafunzi wa Rubavu anayeambiwa kila siku kwamba Kiswahili sanifu ni cha wengine, wasifu huo una uzito wake.

5.0 Simanzi, na tahadhari yake

Nimefika sehemu ngumu zaidi, na nitakaa hapa kuliko pengine.

Fasihi inayoteuliwa kwa shule za ukanda huu ina huzuni nyingi. Hili halishangazi: riwaya dhati ya Kiswahili tangu Kezilahabi imejitwisha kazi ya kuikemea jamii, na kamati za uteuzi zinapenda kitabu ambacho dhamira yake inaweza kuandikwa ubaoni: ufisadi, ukimwi, ndoa za mapema, ukabila. Rosa Mistika (1971) ni mfano wa mapema na bado ni mkali. Binti wa Ukerewe, aliyelelewa chini ya fimbo ya baba mlevi, anapata uhuru wa shule bila kufundishwa namna ya kuubeba, na mwisho wake ni kifo. Kitabu hicho kilipigwa marufuku shuleni kwa muda kabla ya kurudi na kuwa cha kufundishia. Kwa msomaji wa Gisenyi kina mvuto usiotarajiwa, kwa sababu mandhari yake ni kisiwa cha ziwani. Ziwa ni jingine, lakini maji baridi, mtumbwi, samaki anayekaushwa, mlevi anayerudi nyumbani kwa njia ya ufukweni, vyote hivi havihitaji tanbihi. Pwani ya Bahari ya Hindi siyo nyumba pekee ya riwaya ya Kiswahili, na Kezilahabi ndiye shahidi mkuu wa jambo hilo.

Mfano wa pili ni Chozi la Heri ya Assumpta Matei (2014). Riwaya hii, ambayo nayo imekuwa kitabu cha mtihani nchini Kenya, inatokana na kumbukumbu ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa mwaka 2007, ingawa nchi yake ni ya kubuni. Daktari Ridhaa, ambaye huhesabiwa mgeni katika ardhi aliyoijenga kwa miaka mingi, anapoteza familia yake katika moto uliowashwa na majirani. Kisha riwaya inafuata wale waliosalia: kambi za wakimbizi wa ndani, watoto waliotawanyika, familia mpya zinazoundwa kutokana na mabaki ya zile za zamani, hasa pale Mwangeka na Apondi wanapomchukua Umulkheri kuwa mtoto wao.

Nilisoma kitabu hiki kwanza nikiwa mbali na nyumbani, kama mhakiki, na niliandika pembeni maneno ya kihakiki kuhusu muundo wake wa mishazari. Nilipokisoma mara ya pili hapa Rubavu, mwendo mfupi kutoka kumbukumbu ya Commune Rouge, niliona nimekuwa nikiandika pembezoni mwa jambo nisilolielewa. Msomaji wa Rwanda hasomi sura ile ya moto kama mfano wa dhamira ya ukabila. Anaisoma akiwa na watu wa kwao kichwani. Wanafunzi waliozaliwa baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 wameyarithi kwa ukimya wa wazazi wao, na ukimya huo unaweza kuvunjika katikati ya kipindi cha Kiswahili, mbele ya mwalimu ambaye mwongozo wake unamtaka tu ataje tamathali tano za usemi.

Sisemi kitabu hiki kisisomwe. Nasema kinyume chake. Nusu yake ya pili, inayojishughulisha na namna watu wanavyolea watoto wasiokuwa wao na namna wanavyojifunza tena kuketi meza moja, ni miongoni mwa nathari za Kiswahili zinazomfaa zaidi msomaji wa nchi hii. Lakini kinahitaji mambo ambayo orodha ya ununuzi haiyaonyeshi: mwalimu aliyeandaliwa, darasa linalofahamiana, na kalenda. Kukipanga kwa wiki ya kwanza ya Aprili, wakati taifa linaingia katika Kwibuka, bila maandalizi yoyote, ni kutojali. Kukipanga kuwa kitabu cha kwanza cha Kiswahili ambacho mwanafunzi anakutana nacho ni kosa la aina nyingine. Lugha itakayomfikia kwa mara ya kwanza ikiwa na sura ya jeraha itabaki na sura hiyo.

Kuna kumbukumbu nyingine ya hapa inayonifanya nilione jambo hili kwa upande wa pili. Nyiragongo ilipolipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, maelfu ya watu walivuka kutoka Goma kuingia Rubavu wakiwa na magodoro na watoto mgongoni. Siku zile Kiswahili kilisikika mjini hapa kama lugha ya hofu, na wakati huo huo kama lugha ya kufariji: pole mama, keti hapa, mayi iko. Kwa hiyo si kweli kwamba simanzi ni hali ngeni kwa Kiswahili cha mpakani. Tunachokosa ni maandishi yaliyoiandika simanzi hiyo. Katika usomaji wangu sijakutana na riwaya ya Kiswahili sanifu iliyoutendea haki mpaka huu, wala volkano yake wala wachuuzi wake. Waandishi wa eneo hili wenye majina duniani, kama Scholastique Mukasonga na Gaël Faye, wameandika kwa Kifaransa. Wapo watu Gisenyi na Goma wanaoweza kuandika kwa Kiswahili, hawajaombwa.

6.0 Ajabu

Kuhusu riwaya za ajabu nitapita haraka, kwa kuwa zimekwisha kuandikwa sana na wahakiki wenzangu. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Kezilahabi, Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001) na Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila (2002) ni fahari ya nathari ya Kiswahili. Hata hivyo, ninapowasikia wenzangu wakizipendekeza kwa wasomaji wapya najiuliza kama wanakumbuka walivyohangaika wao wenyewe. Nagona haina kamba ya kisa ya kushika. Kati ya hizo nne ningemkabidhi msomaji wa Rubavu Babu Alipofufuka peke yake, maana kisa chake kinaeleweka kwa yeyote aliyelelewa na bibi: mzee aliyekufa anarudi kumwajibisha mjukuu aliyenona kwa mali ya umma. Mshangao hapo una mpini.

7.0 Safari za kuja bara

Abdulrazak Gurnah alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, wengi wetu tuliona aibu ndogo: mwandishi wa Zanzibar alikuwa hasomeki kwa lugha ya Zanzibar. Tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya yake Paradise, iliyotoka Dar es Salaam mwaka 2022 kwa jina la Peponi, imepunguza aibu hiyo. Yusuf, mtoto aliyetolewa na babake kulipa deni, anafuatana na msafara wa tajiri Aziz kuelekea bara, mpaka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ambako msafara unakutana na mtawala Chatu na kuvunjika.

Wasomaji wa pwani huisoma safari hiyo kama mwendo wa kuingia gizani. Sisi tunaisoma tukiwa mahali ambako msafara unaelekea. Hilo ni badiliko kubwa la mtazamo, na ni mada nzuri kwa mwanafunzi wa uzamili: Peponi inasomekaje na mtu ambaye, katika ramani ya kitabu, ni mwenyeji wa upande wa kina Chatu? Wahusika wa pwani wanawasema watu wa bara kwa dharau, na Gurnah anaiacha dharau hiyo isikike ili tuipime. Msomaji wa Gisenyi, ambaye ameshalisikia neno Umuswahili likitumika kama tusi kuelekea upande wa pili, anayo mizani yake. Sijui mahali pengine ambapo mazungumzo hayo yangeweza kufanyika vizuri zaidi.

Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi (1999) inakamilisha jozi hiyo kwa hali tofauti kabisa. Yasmin, aliyeozwa kwa mwanamume mzee, anatoroka ndoa hiyo na kuingia katika mapenzi na siasa za kupinga ukoloni pamoja na Denge. Ni riwaya ya mapenzi kwa kila kipimo, na ni riwaya ya kisiasa pia, jambo linalowaridhisha kwa pamoja kijana na mkaguzi wa elimu. Filamu ya Amil Shivji iliyotokana nayo mwaka 2021 inarahisisha kazi ya mwalimu: msomaji akiishaona Mji Mkongwe kwa macho, maelezo ya baraza na vichochoro hayamzuii tena. Ikiwa ningeruhusiwa kununua riwaya moja tu ya pwani kwa shule ya wilaya hii, ningenunua hiyo. Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon, iliyotuzwa na Mabati-Cornell mwaka 2018, ningeifanya ya pili, ili msomaji asidhani Zanzibar huandikwa na wanaume peke yao.

8.0 Orodha ya ununuzi

Nageukia sasa wale miongoni mwetu ambao kesho watarudi ofisini na kutia saini orodha za vitabu. Orodha nyingi nilizozipitia hupangwa kwa safu tatu: jina la kitabu, kiwango cha darasa, na dhamira. Napendekeza safu ya nne, ya hali ya moyo, na sharti moja rahisi: shule isinunue kitabu cha tatu cha hali ile ile kabla haijanunua cha kwanza cha hali nyingine. Sharti hilo halihitaji bajeti mpya. Linahitaji mtu aliyesoma vitabu vyenyewe, si muhtasari wa jalada la nyuma.

Mpangilio nao una uzito. Kwa Rubavu ningeanza na upelelezi, nikafuata na Siku Njema, kisha Vuta n'kuvute na Rosa Mistika. Chozi la Heri ije darasa likiwa limeshajua kwamba Kiswahili kinaweza pia kuchekesha. Mwalimu wa Nyamagabe au wa Kigali anaweza kupanga vingine, na ni haki yake. Kamati ya taifa isimpangie kila kitu.

Pingamizi nililolisikia mara nyingi ni kwamba fedha za umma hazipaswi kununua riwaya za kijasusi. Pingamizi hilo lina heshima yake. Udhaifu wa Willy Gamba mbele ya wanawake nimekwisha kuutaja, na mwalimu anaweza kuufanya kuwa mada ya mjadala, kwani wanafunzi wa kike huuona haraka kuliko sisi. Lakini tujiulize fedha hizo zinanunua nini leo. Nimeingia katika maktaba ya shule moja ambako nakala za riwaya nzito, zilizoteuliwa kwa dhamira njema, zilikuwa zimepangwa vizuri rafuni zikiwa na kurasa ambazo hazijawahi kutenganishwa kwa kidole. Mtunza maktaba alinieleza kwa fahari kwamba hakijapotea hata kimoja.

Kuhusu uandishi, Tanzania ilianza mwaka 2023 kutoa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na mshindi wa tuzo hiyo huchapishwa. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, inaweza kusaidia kuanzisha shindano dogo la hadithi fupi kwa wakazi wa pande zote mbili za Kivu, lenye sharti moja lisilo la kawaida: wahusika waruhusiwe kuzungumza kama wanavyozungumza. Msimulizi aandike batu wakiwa midomoni mwa wahusika na watu katika maelezo yake, kama waandishi wa Nairobi wanavyofanya na Sheng. Mkusanyiko wa No Edges, uliotoka Marekani mwaka 2023 ukiwa na hadithi za Kiswahili zilizotafsiriwa kwa Kiingereza, una hadithi ya Mwas Mahugu, ambaye amejijengea jina kwa kuandika Kiswahili cha mitaa ya Nairobi. Kilikubalika California, na hakuna sababu ya kimsingi kwa nini kile cha Petite Barrière kisikubalike Kigali.

Msichana mmoja anayevusha mboga kwenda Goma aliazima kwangu Kikosi cha Kisasi miezi michache iliyopita. Alikirudisha kikiwa na doa la nyanya kwenye jalada na swali moja: kama mwandishi alifika Kinshasa, kwa nini hakupita huku? Nilimwambia Musiba amekwisha kufariki. Akauliza ni nani basi anayeandika sasa, na kama anapokea barua.